Kabla hujatulipa tumuue buibui wa miguu mirefu

Mvua zikishashika, simu za wateja wetu hapa Mbeya zinafanana. Apigaye awe Isanga, Forest au Uyole, maneno ni yale yale: kona za dari zimejaa buibui wembamba wenye miguu mirefu, njooni na bomba. Kazi yetu ni usafi wa nyumba na kupulizia dawa, na tungeweza kuja, kupiga dawa na kuandika risiti. Ila kwa buibui huyu tunakuomba usubiri kwanza. Hela hiyo ina kazi nzuri zaidi.

Tunayemzungumzia hapa ana mwili mdogo, kwa kawaida hauzidi sentimita moja, wa kijivu au kahawia iliyopauka, na miguu minane myembamba kama uzi wa kushonea. Hukaa kichwa chini miguu juu, kwenye utando uliotawanyika ovyo. Uguse utando wake kidogo tu, atajitikisa kwa kasi mpaka ushindwe kumwona vizuri. Hapo anajihami, hakutishii. Wataalamu wanamweka kwenye familia ya Pholcidae, na kundi lake mojawapo, Smeringopus, asili yake ni hapa hapa Afrika. Yule mwenye mabawa anayejigongagonga ukutani usiku wa mvua, ambaye wengi wanamdhani mbu mkubwa, ni mdudu mwingine kabisa, na haumi.

Swali linalokuja haraka ni la sumu. Sumu anayo, kama walivyo karibu buibui wote, lakini ni ya kuulia wadudu anaowala. Hakuna ushahidi wa kitabibu kwamba amewahi kumdhuru mtu.

Wazazi wengi wanachohofia zaidi ni yale malengelenge ambayo mtoto anaamka nayo shingoni au usoni, wanasema amekojolewa na buibui. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, maana buibui anauawa bure na mhusika anabaki ndani. Mara nyingi anayehusika ni mdudu mwembamba wa urefu wa milimita 7 hadi 10, mwenye rangi ya chungwa na nyeusi zilizopishana mwilini. Wakati wa mvua anafuata taa za ndani. Haumi wala hakojoi, ila ukimponda kwenye ngozi, majimaji ya mwili wake yana kemikali kali iitwayo pederini, na ngozi inakuja kuwaka na kutoa malengelenge baadaye, hata siku ya pili. Ukimwona ametua mwilini, mpulize aondoke, usimpige kofi. Akishapondeka, osha mahali hapo kwa sabuni na maji mengi, na fua shuka. Likiguswa jicho, nenda zahanati. Na malengelenge yenye maumivu makali yaliyojipanga upande mmoja wa mwili yanaweza kuwa mkanda wa jeshi. Hayo yanahitaji daktari, tena mapema.

Turudi darini. Usiku mmoja zima taa, chukua tochi ya simu, umtazame akiwinda. Utando wake hauna gundi. Mdudu anajikwaa tu na kunasa miguu kwenye nyuzi, na kabla hajajinasua buibui ameshafika. Hamrukii mdudu mwili mzima. Anasimama mbali kidogo, na kwa miguu yake mirefu ya nyuma anavuta hariri na kumrushia, safu juu ya safu, mpaka mdudu hawezi hata kupiga bawa. Akishamfunga ndipo anasogea na kumng'ata. Mbu, nzi, nondo, sisimizi, wote anakula, na buibui wenzake pia, hata wenye nguvu kuliko yeye. Huko Australia anajulikana kwa kula buibui wa redback, ambao sumu yao ni ya hatari kwa binadamu. Ukimkuta jike amebeba kifurushi cha vidonge vidogo mdomoni, hicho si chakula, ni mayai yake. Anayafunga kwa nyuzi chache tu na kuyabeba kwa taya mpaka yaanguliwe.

Hatusemi atamaliza mbu. Chandarua kibaki kitandani.

Faida tunayoipenda zaidi iko sakafuni, chini ya utando. Buibui huyu akishakula anaangusha mabaki, na mabaki hayo yanakueleza ni wadudu gani wanaishi na wewe. Sisi tukiingia nyumba mpya, kabla ya kufungua bomba, tunainama na kuangalia hapo. Mabawa ya kumbikumbi karibu na dirisha lenye taa ni jambo la kawaida baada ya mvua za kwanza, wametoka nje. Lakini mabawa mengi kwenye chumba cha ndani kisicho na dirisha lililo wazi yanatupa wasiwasi, huenda mchwa wako ndani ya nyumba yenyewe, na nyumba zetu nyingi zina kenchi na fremu za mbao laini. Vipande vya vijidudu vya kahawia stoo, vya milimita tatu au nne, vinatupeleka moja kwa moja kwenye magunia ya mahindi: ni fukusi au dumuzi. Ukipiga gunia na unga ukatoka, usingoje wiki ijayo. Mabaki ya mbu wengi chooni au bafuni, tafuta maji yaliyotuama, pipa lisilofunikwa au tairi nyuma ya nyumba.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia dawa. Dawa tunayopiga ukutani kwa ajili ya mende inafanya kazi kwa sababu mende anaiburuzia tumbo. Buibui huyu anasimama kwa ncha za miguu, muda mwingi yuko hewani kwenye nyuzi zake, dawa ya ukutani inamgusa kidogo sana. Na hata tukimpulizia yeye mwenyewe akafa, chakula kilichomleta bado kipo, kwa hiyo atakuja mwingine.

Tunajua kwamba utando kwenye jipsamu nyeupe ya sebuleni ni aibu mbele ya wageni. Buibui huyu hali utando wake wa zamani, anaongeza mwingine juu yake, vumbi linashika, na dari inachafuka haraka. Chukua ufagio wa mti mrefu, funga kitambaa kikavu mbele, zungusha taratibu kwenye kona. Buibui mwenyewe mtie kwenye kopo umpeleke stoo au banda la kuni. Kisha punguza kinachomvuta: anapenda giza, unyevu na mahali pasiposumbuliwa, hivyo fungua madirisha mchana, sogeza maboksi yaliyokaa ukutani tangu mwaka juzi, weka wavu madirishani, na zima taa ya barazani usipoihitaji. Kwa wateja wetu wa Tukuyu, ambako mvua haikatiki kirahisi, kukagua bati na gata zinazovuja kunasaidia kuliko dawa yoyote tuliyo nayo.

Buibui tunaokubali kuitiwa ni wale wanene, wenye tumbo la mviringo na alama nyekundu au ya chungwa upande wa chini, wanaojificha chini ya viti vya nje, kwenye masufuria yasiyotumika au boksi la mita. Hao usiwashike kwa mkono.

Siku ukitupigia, tuambie kwanza umeona nini chini ya utando, au piga picha ya mabaki ututumie. Kwa picha hiyo tunaweza kukuambia kama unahitaji dawa ya mchwa, dawa ya nafaka, au ufagio tu.