Mgonjwa wa mkanda wa jeshi asinyooshewe kidole

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wenzangu wa Mtwara na Lindi kuhusu mkanda wa jeshi, ugonjwa ambao mwenye kuupata bado husemwa kuwa amerogwa au ameukwaa UKIMWI, naye kwa aibu hujifungia ndani hadi muda wa dawa kumfaa unampita.

Kirusi chake ni kilekile cha tetekuwanga. Tetekuwanga ikipona, kirusi hakitoki mwilini, bali hujificha katika mafundo ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, pengine kwa miaka hamsini. Kinachokituliza huko ni ulinzi usiokoma wa mwili wenyewe, jambo ambalo elimu yetu ya afya hulitaja kwa nadra mno. Virusi vya jamii hii ya hapesi vinapoingiza vinasaba vyao katika kiini cha seli, hukuta humo protini kama PML na Daxx, ambazo huvizingira vinasaba hivyo na kuvizuia visifanye kazi. Virusi navyo hupambana: kile cha vidonda vya midomoni hutengeneza protini iitwayo ICP0, inayosababisha PML ivunjwevunjwe. Ndipo huingia intaferoni, protini za kinga za mwili zilizogunduliwa London na wanasayansi Isaacs na Lindenmann mwaka 1957, ambazo huzitahadharisha seli jirani na kuzifanya ziongeze PML, huku chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T zikilinda mishipa yenyewe.

Seli T zikidhoofika kwa uzee, kwa VVU au kwa dawa za saratani, kirusi huamka na kuufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi, na ndiyo maana malengelenge hujipanga upande mmoja wa mwili. Kwa hiyo bibi wa Newala mwenye miaka 70 anaweza kuugua bila kuwa na VVU, ingawa kijana akiupata ni vyema apime.

Dawa ya asaikloviri hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Nawasihi waganga wakuu wa wilaya walitangaze hilo redioni na kwenye minada ya korosho, ambako wakulima wetu hukusanyika kwa wingi. Waseme pia kwamba malengelenge yafunikwe kwa kitambaa safi, kwa kuwa majimaji yake yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtoto mchanga, au mjamzito ambaye hajawahi kuiugua.

Msomaji wako,
Masasi, Mtwara