Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Mawe ya Kibuddha ya China

Ndugu Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali kutufungulia maonyesho haya ya picha za mawe ya Kibuddha yaliyochongwa kaskazini mwa China katika karne ya 5 na ya 6. Watazamaji wengi huvutwa kwanza na Buddha aliye katikati na majoka yaliyosokotana kileleni. Sisi tunakuomba uanze kwa kuinama, maana majina ya watu waliotoa mawe hayo yapo chini.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwaka 446 Mfalme Taiwu wa Wei ya Kaskazini, ukoo uliotawala kaskazini mwa China, aliamuru mahekalu na sanamu za Kibuddha ziharibiwe. Alipofariki mwaka 452, mjukuu wake Wencheng aliirudishia dini hiyo uhuru wake, na baadaye kasri likagharamia mapango makubwa ya Yungang. Wanakijiji hawakuwa na uwezo wa kuchonga mlima, kwa hiyo waliunda vikundi vya ibada, wakachangishana, wakatafuta fundi, na wakachukua umbo ambalo Wachina walilitumia tangu enzi ya Han, ukoo wa kifalme wa kale zaidi, kuwakumbuka marehemu, yaani jiwe bapa la kusimamishwa lenye maandishi. Walimchonga Buddha, kisha wakajichonga wenyewe kwa safu, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na jina lake ubavuni, wakiomba thawabu ziwafikie mfalme, wazazi wao wa vizazi 7 na viumbe wote.

Jiwe tunalolipenda kuliko yote limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York. Lina urefu wa zaidi ya mita 3, lilichongwa kati ya mwaka 533 na 543, na lilitolewa na Helian Ziyue pamoja na kikundi cha watu 500. Juu yake Vimalakirti, muumini mwenye nyumba na familia, anajadiliana na Manjushri, bodhisatva wa hekima, yaani mtakatifu aliye njiani kuwa Buddha. Sisi tunaona kwamba watoaji wasio watawa walijiona wenyewe katika kisa hicho.

Changamoto yetu ni kwamba picha tulizonazo hazionyeshi maandishi vizuri. Nakala bora hupatikana kwa kulaza karatasi yenye unyevu juu ya jiwe, kuigongagonga hadi izame katika michongo, kisha kuipaka wino, herufi zikabaki nyeupe. Tunaomba utusaidie kupata nakala ya namna hiyo, hata moja, ili wenzetu wanaojifunza Kichina watusomee majina hayo, moja baada ya jingine.

Tunaomba kuwasilisha.