Kuhusu Mzee Kombo na hiyo kamera

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Hapa wote wazima, mafua tu. Nimekaa kimya mno, najua, utanigombeza tukionana. Asha kaniambia umeagiza kamera ya akili mnemba ikuhesabie magunia ghalani, na Mzee Kombo anapumzishwa mwisho wa mwezi. Zuhura, hebu ngoja kwanza.

Sikatai, programu hizi zinajua kutaja vitu. Mwaka 2015 kwenye shindano la ImageNet, lenye picha za aina 1,000, moja ilikosea kidogo kuliko hata binadamu aliyepimwa kwa picha hizohizo. Lakini kutaja si kuelewa. Watafiti walichukua umbo la paka wakalivika ngozi ya tembo. Watu wakasema paka, mashine zikasema tembo, maana zimezoea kufuata ngozi. Na mwaka 2021 OpenAI, kampuni inayotengeneza programu hizi, wenyewe walionyesha programu yao ya CLIP ikitazama tofaa lililobandikwa karatasi yenye neno "iPod" (kile kidude cha kusikilizia muziki), ikasema hiyo ni iPod! Sasa magunia yako, nusu yameandikwa sukari na ndani mna mbaazi. Mzee Kombo analipiga gunia kofi moja tu, kashajua.

Kuhesabu ndiko zinakochemsha hasa. Mwaka 2024 zile kubwa zinazosifiwa ziliulizwa maswali ya chekechea: duara hizi mbili zimegusana? Mistari hii inakatana mara ngapi? Zikababaika. Vitu vikipandana tu, basi. Na ghala lako lina nini zaidi ya kupandana? Safu ya nyuma kamera haiioni, Mzee anaijua kwa sababu alikuwepo ikipangwa. Halafu ana mdomo, ukimtilia shaka atakujibu (na utajuta kuuliza).

Kamera iweke, ila ya usiku, kwa wale vijana unaowajua. Mlangoni mwache Mzee.

Umeshalipa zote au kianzio tu? Huyo muuzaji alikuonyesha ikihesabu magunia yako, yamelundikana hivyo hivyo, au alikuja na picha zake nzuri? Hesabu ya kamera ikipishana na daftari utaamini kipi? Mzee ameshaambiwa, au anasikia mitaani kama nilivyosikia mimi? Na yule mwanawe wa Muheza je?

Nijibu kabla Asha hajarudi huko, maana akifika yeye kwanza utasikia nimesema mengine kabisa.

Wako,
Mwanahamisi