Mjomba wako yumo kitabuni

Mwanangu mpendwa,

Kitabu chako nimekimaliza, na tangu hapo sina raha. Yule karani ni mjomba wako, usinikatalie. Umemrefusha, umemnyima mke, umempa kazi asiyowahi kuifanya. Lakini nani mwingine hufuta miwani kwa pindo la shati kabla ya kujibu swali, hata miwani ikiwa safi? Nani hukunja risiti mpaka inakuwa kidonge, kisha akaisahau mfukoni? Nilicheka peke yangu. Halafu nikafika pale karani anapokula fedha za mazishi, nikakifunga.

Mjomba wako hajala fedha ya mtu. Alikopa, akachelewa, akalipa. Habari za deni lile uliziokota usiku nilipokuwa namlalamikia baba yako, nikidhani mmelala.

Umeshamwambia? Maana hofu yangu ni hii: miwani umeipatia sawasawa, basi anayemjua ataamini na wizi. Ule mstari wa mwanzo kwamba wahusika wote ni wa kubuni, ndugu hawausomi.

Utanijibu kuwa waandishi ndivyo wafanyavyo. Najua. Charles Dickens, yule mwandishi Mwingereza, alimchukua baba yake mzazi, aliyefungwa katika gereza la Marshalsea mwaka 1824 kwa sababu ya deni, akamtoa kama Bwana Micawber katika riwaya yake David Copperfield, na wasomaji wanampenda hadi leo. Lakini humohumo alimtia, kwa jina la Miss Mowcher, jirani yake Jane Seymour Hill, mwanamke mfupi sana wa kimo aliyekuwa akitibu miguu ya watu. Hadithi ilikuwa ikitoka kila mwezi, sehemu baada ya sehemu. Mama yule akajiona, na Desemba 1849 akamwandikia Dickens jinsi alivyoumia. Dickens akageuza mkondo: Miss Mowcher aliporudi katika hadithi, alirudi akiwa mtu mwema.

Wewe umesema kitabu kinachapwa tena, kwa hiyo nafasi unayo. Sikuambii umtoe. Ule ukurasa anapomngoja mwanawe hospitalini nimemsomea baba yako kwa sauti, akanyamaza kimya. Sikujua nimezaa mtu wa kuandika vile. Ila umwambie mjomba kabla hajaambiwa na mtu, na umwambie kwa mdomo wako. Simu haifai, wala usimtume mdogo wako.

Juzi alikiona mezani akauliza kama ndicho. Nikamwambia bado nasoma.

Unakula lakini? Sauti yako ya juzi sikuipenda. Paa la jikoni linavuja upande uleule, fundi alikuja akapima, akapotea. Blanketi lako la zamani nimempa mdogo wako, na baba yako anaulizia chaja yake uliyoondoka nayo.

Mjomba anakuja Jumapili kuliangalia hilo paa. Wewe njoo Jumamosi.

Mama yako