Flashi nyingi zinazotupwa ni nzima

Mhariri,

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta za zamani wanahangaika kuweka mfumo mwingine, na mashine ikigoma kuwaka kwa flashi huambiwa wakanunue nyingine. Mara nyingi flashi haina kosa. Kilichokosewa ni namna ISO ilivyowekwa.

ISO ni nakala ya diski nzima iliyofungwa katika faili moja. Ukiinakili kama wimbo, ndani ya flashi kuna faili tu, wakati kompyuta inapowaka inatafuta programu ya kuanzishia. Lazima iandikwe kwa programu kama Rufus au balenaEtcher, au kwa amri ya dd kama uko kwenye Linux, mfumo mbadala wa Windows.

Kwanza hakiki ulichopakua, maana bando likikatika njiani faili huweza kubaki pungufu bila kukuambia. Tuseme umepakua Mint, aina mojawapo ya Linux: kwenye Windows andika certutil -hashfile mint.iso SHA256, kwenye Linux sha256sum mint.iso, kisha linganisha namba itakayotokea, yenye tarakimu na herufi, na ile iliyoko kwenye tovuti ya watengenezaji. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya.

Anayetumia dd aanze na amri ya lsblk inayoorodhesha diski, aitambue flashi kwa ukubwa wake (hapa tuseme jina lake ni sdb), aitenganishe kwa amri ya umount, ndipo aandike:

sudo dd if=mint.iso of=/dev/sdb bs=4M status=progress conv=fsync

Ni sdb, si sdb1, kwa kuwa inaandikwa flashi nzima na siyo kizigeu chake, yaani sehemu moja iliyogawanywa ndani yake. Herufi ikikosewa, diski ya kompyuta yenyewe inafutika, na dd haiulizi kama una hakika. Usiiache conv=fsync: bila hiyo amri inaweza kutangaza imemaliza huku data nyingine ingali kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na anayechomoa hapo hapo anaondoka na flashi nusu.

Dd hiyo hiyo ikitumiwa kwa ISO ya Windows haifui dafu. ISO za Linux kama Mint na Ubuntu zimeundwa zisomeke kama DVD na kama diski pia. Za Microsoft hazikuundwa hivyo. Wengine hufomati flashi kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, na kumwaga humo yaliyomo ndani ya ISO. Ni njia halali, ila hukwama kwenye install.wim, faili lenye Windows yenyewe, ambalo siku hizi kwa kawaida huzidi GB 4, na FAT32 haipokei faili la ukubwa huo. Rufus hulikwepa tatizo kwa kutumia NTFS, mpangilio unaopokea faili kubwa, na kuongeza kizigeu kidogo cha kuanzishia. Flashi ya GB 8 inatosha. Kwenye mtindo wa kugawa flashi, chagua GPT kwa mashine za UEFI (programu mpya ya kuwashia kompyuta), MBR kwa zile za BIOS ya zamani; ukikosea hapa, flashi huenda isionekane kabisa kwenye orodha ya kuwashia. Orodha hiyo huitwa kwa F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, na kwa Esc kisha F9 kwenye HP.

Kazi ikiisha, flashi ya GB 32 inaweza kuonekana ya GB 3, au Windows ikadai ifomatiwe. Haijafa. Kwenye Windows fungua diskpart, programu ya kupanga diski, andika list disk, select disk na namba yake, kisha clean, create partition primary, na format fs=exfat quick. GB zote zitarudi.

Fundi kompyuta,
Morogoro