Barua ya Wazi kwa Maafisa Jinsia: Bajeti Mmeiona?

Wanangu,

Hasira hii nilisema niiache ipoe ndipo niandike. Haijapoa, kwa hiyo mnivumilie.

Nilialikwa kupitia andiko la mradi wa maji kabla halijaenda kwa mfadhili. Wahandisi walikuwa wamekwisha kumaliza yao, mhasibu yake, na mkurugenzi alikuwa ameshaweka sahihi. Jioni ya siku ya mwisho ndipo wakamtumia andiko lile afisa jinsia, yaani mwenye kazi ya kuangalia usawa wa wanawake na wanaume kwenye miradi, binti mdogo, mwenye akili, na ujumbe mfupi: tuwekee na jinsia. Akakesha. Asubuhi akaja na kurasa mbili safi kabisa. Nusu ya kamati ya maji wawe wanawake. Vikao vifanyike saa ambazo mwanamke anaweza kutoka nyumbani. Awepo wa kuwaangalia watoto. Mafundi wa pampu wafunzwe wanawake kwa wanaume. Wakampigia makofi.

Mimi nikaomba faili la bajeti, nikalisoma mstari kwa mstari. Mlezi wa watoto hayumo. Nauli za wanakamati hazimo. Mafunzo ya ufundi yamo, lakini kwa mafundi waliokwisha kuteuliwa, wanaume watupu, na posho zao zimo. Wanawake wa kamati wameandikiwa "watajitolea". Nikamgeukia yule binti, nikamuuliza kama haya ameyaona. Akanijibu kwa adabu: "Mama, bajeti si eneo langu."

Si eneo lako? La nani basi?

UNICEF walikadiria mwaka 2016 kwamba wanawake na wasichana duniani hutumia saa milioni 200 kila siku kuteka maji. Hakuna anayezilipia saa hizo. Kisha tunafika na mradi wa kuwapunguzia mzigo, na jambo la kwanza tunalowapa ni kikao kingine cha bure. Mwanamume akishika spana, huyo ni fundi, analipwa. Mwanamke akifagia kisimani na kukusanya michango ya jirani zake, huyo ni "mshiriki". Na ripoti ya mwaka itasema ushiriki wa wanawake umeongezeka! Mkono mtupu haulambwi, wanangu, hata ukiandikiwa kurasa mbili za Kiswahili kizuri.

Wafadhili wenyewe wanalijua hili, maana wana kipimo chake. Kamati ya Misaada ya Maendeleo ya OECD, jumuiya ambayo wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri, huutaka kila mradi upewe alama: 0 ikiwa usawa wa kijinsia si lengo lake, 1 ikiwa ni lengo muhimu lakini si lililouzaa mradi, 2 ikiwa bila lengo hilo mradi usingekuwepo. Kwa miaka mingi misaada ya alama 2 imekuwa ikizungukia asilimia 4 tu. Inayotengewa vyama vya haki za wanawake haifiki hata asilimia 1. Kwenye misaada inayoutaja usawa, alama 1 ndiyo iliyojaa, na humo ndimo zinamozikwa kurasa mnazokesha kuziandika, kwa sababu alama 1 haimlazimishi mtu kutenga senti mahali popote.

Basi fanyeni hivi. Msiandike sentensi hata moja kabla hamjaiona bajeti. Kila mnachoahidi kwenye maelezo, kitafutieni mstari wake kwenye hesabu. Kisipokuwa na mstari, kitoeni au kiombeeni fedha, na ombi hilo liwe kwa maandishi. Ulizeni nani analipwa na nani anajitolea, kisha muulize kwa nini. Bajeti inaporekebishwa katikati ya mwaka, muwepo, kwa sababu fungu la kwanza kukatwa huwa ni la kwenu, na hukatwa siku ambayo hamkualikwa. Kaeni na mhasibu awafundishe. Wahasibu wengi hufurahi mno kupata mtu anayetaka kuelewa kazi yao; ni watu wapweke kuliko mnavyodhani.

Na mnapopitisha fedha kwa vyama vidogo vya wanawake, acheni huu mtindo wa kuwalipia warsha na kuwanyima kodi ya ofisi na mshahara wa mtunza vitabu. Shirika kubwa hujikatia gharama za uendeshaji bila aibu, chama kidogo huambiwa kisitumie chochote kwa ajili yake chenyewe. Baada ya miaka miwili tunaandika kwamba "hakina uwezo". Uwezo huo wangeutoa wapi?

Mengine nayataja tu. Kikaoni msigeuzwe waandishi wa muhtasari kila mara. Aliyetoa wazo apewe jina lake. Mwanamke wa kijijini akikataa picha, amekataa. Likizo chukueni. Akiba wekeni, mikataba yetu ni ya mwaka mmoja mmoja.

Hilo la mikataba linanipeleka kwa wakubwa wetu, ambao nao wasome hapa. Njia hii ya kudai haki za wanawake imetengenezwa kwa jasho, mkutano wa dunia wa Umoja wa Mataifa baada ya mkutano: Mexico mwaka 1975, Copenhagen 1980, Nairobi 1985, hadi Beijing 1995, ambako Gertrude Mongella wa Tanzania ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano na serikali 189 zikakubali mpango wa utekelezaji. Lakini kwa serikali, kukubali hakujawahi kuwa kazi ngumu. Uswidi ilitangaza sera ya nje ya kifeministi, yaani ya kutanguliza haki za wanawake, mwaka 2014. Ilipokuja serikali mpya mwaka 2022, sera ikafutwa. Mwaka 2025 Marekani ikaifunga USAID, shirika lake la misaada, na kazi za watu zikakatika kabla hata hawajamaliza kuaga. Mfadhili anayekusifu leo anaweza asiwepo kesho, kwa hiyo msiufunge mradi mzima kwenye mfuko mmoja.

Tena kuna aibu ambayo bado tunaizungumzia kwa minong'ono. Tangu mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa waraka unaokataza wafanyakazi wake kununua ngono na unaoonya vikali dhidi ya uhusiano wa kimapenzi na wanaopokea misaada. Hata hivyo, mwaka 2021 tume huru ilithibitisha kwamba katika kazi ya Ebola kule Kongo, watu walioajiriwa na Shirika la Afya Duniani walikuwa miongoni mwa waliowanyanyasa wanawake kingono, wengine kwa kuwaahidi kazi. Kwa kuwaahidi kazi! Shirika linalomwandikia afisa jinsia mkataba kwa mkono mmoja na kuficha faili la malalamiko kwa mkono wa pili, msilitungie kauli ya kulisafisha. Si kazi yenu, hata mkiombwa na bosi mwanamke.

Na mabosi wanawake nanyi nina neno. Baadhi yenu mlipofika makao makuu mliukuta mlango umerudishiwa, mkaufunga kabisa. Afisa wa ngazi ya chini, aliyeajiriwa nchini mwake, ndiye anayelala njiani na kukaa na wanawake hadi wakaeleza ukweli. Kisha jina linalotokea juu ya ripoti ni la mshauri aliyekuja kwa ndege na kulipwa mara nyingi zaidi ya huyo. Tukidai usawa kwa wanawake wa kijijini huku orodha yetu ya mishahara iko hivyo, watatucheka, na watakuwa na haki.

Nawapenda, wanangu, na najua mnavyochoka. Yule binti nilikaa naye jioni ile tukalifungua faili pamoja, akapata mafungu matatu ya kudai kabla chai haijapoa. Andiko limerudishwa kwa marekebisho. Mlezi wa watoto sasa yumo, nauli zimo, posho ya kamati bado wanabishana.

Maandiko ya mzunguko ujao yameshaanza kuandaliwa maofisini mwenu. Faili la bajeti liombeni wiki hii, kabla mkurugenzi hajaweka sahihi.

Mama yenu katika kazi hii