Baba, uliuliza kwa nini nasomea mifupa

Leicester, Uingereza

Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Mbukwenyi nyote hapo Mvumi. Mimi ni mzima, masomo yanakwenda vizuri.

Baba, kwenye simu uliniuliza kwa nini nasomea mifupa, na kama ni heshima kugusa mifupa ya watu waliokwisha kuzikwa. Salio liliisha kabla sijajibu, na jibu lenyewe ni refu.

Tunasoma mifupa ili kujua watu wa zamani walikula nini, maana chakula anachokula mtu ndicho kinachojenga mfupa wake. Mfupa wa mtu mzima hujijenga upya polepole, kwa hiyo hubeba habari za chakula cha miaka mingi ya mwisho wake. Jino likishakomaa halibadiliki, linabaki na habari za utotoni. Maabara tunakata kipande kidogo na kukiloweka kwenye asidi hafifu kwa siku kadhaa. Madini yanayeyuka yote, kinabaki kitu laini kinachopindika, karibu uone mwanga ukipita, na umbo la mfupa bado liko pale pale. Hiyo ni kolajeni, protini ya mfupa. Tunaisafisha, tunaikausha, kisha mashine inapima atomu nzito na nyepesi za kaboni na naitrojeni.

Kaboni inataja aina ya mmea. Mtama, uwele, mahindi na nyasi za malisho ya kwetu vina kaboni 13, yaani ile nzito, nyingi kuliko ngano, mchele, viazi na maharage. Naitrojeni 15, nayo ile nzito, huongezeka kila unapopanda ngazi ya ulaji: mbuzi ana nyingi kuliko majani, na anayemla mbuzi ana nyingi kuliko mbuzi. Hapo ndipo mwenye nacho na asiye nacho huanza kutengana.

Hapa mjini amezikwa mfalme Richard III, aliyeuawa vitani mwaka 1485. Mifupa yake ilipatikana mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari. Wataalamu walilinganisha meno, mfupa wa paja na ubavu, kwa kuwa ubavu hujijenga upya haraka kuliko paja. Ubavu ulionyesha miaka yake ya mwisho, alipopata ufalme: vyakula vya karamu viliongezeka, na mvinyo pia.

Lakini habari za mfalme zimeandikwa vitabuni tangu zamani. Mimi wananigusa zaidi maskini wa Kilkenny, Ireland, waliokufa katika njaa iliyoanza mwaka 1845, viazi vilipoozea shambani. Tabaka za meno yao zinaonyesha kaboni ikipanda pale walipoanza kulishwa mahindi yaliyoletwa kutoka Marekani. Kabla ya hapo naitrojeni ilikuwa imepanda, na si kwa sababu ya nyama. Mwili wenye njaa hujila wenyewe. Baba, alama ya mla nyama na alama ya mtu anayekufa njaa zinaweza kufanana.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mama yake bibi, aliyekuwa mtoto wakati wa Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo, baada ya majeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo, kisha mvua ikagoma. Kwetu kazi hii ni ngumu zaidi, maana mtama, uwele, mahindi na ng'ombe aliyekula nyasi vyote vinatoa kaboni inayokaribiana. Ukame nao unaweza kupandisha naitrojeni. Mtu akipima mifupa ya Ugogo bila kujua nyumba zetu zilikulaje, anaweza kumwita tajiri mtu aliyekufa kwa njaa. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu nasoma kwa bidii.

Kuhusu heshima: sijagusa mfupa wa mtu wa kwetu, na sitagusa kabla wenyewe hawajakaa na kukubali.

Sasa nina ombi. Mama, naomba mdogo wangu akae na bibi jioni amrekodi kwa simu. Amuulize mamake alimsimulia nini: maziwa walipewa kina nani, ng'ombe akifa nyama iligawanywaje, nani alipakuliwa kwanza na nani alibakiwa na mlenda peke yake. Wasio na ng'ombe walikwenda kwa nani, wakalipwa nini? Na porini walichuma nini zaidi ya ubuyu? Asimkatize, hata akirudia. Anitumie yote kwa WhatsApp, hata kwa Kigogo, nitaandika mwenyewe.

Msalimieni bibi sana, mwambieni namngojea.

Mwanenu